Ahadi Iliyotangulia Maswali

Kila Jumamosi asubuhi, Keji alifagia ua, akajaza pipa kwa maji yaliyoletwa na lori, kisha akaandamana na dada yake Teresina katika vichochoro vya mtaa wao wa Gudele. Teresina alikuwa mwaka wa mwisho chuo kikuu, akisoma sosholojia, yaani elimu ya jamii. Alikuwa akichunguza sababu za wasichana wa mtaa huo kuacha shule, na bila utafiti huo asingehitimu.

Majirani walimtania. Walisema elimu ya udaktari wanaijua, lakini kama kuuliza habari za watu ni elimu, basi wambea wote wa sokoni ni maprofesa. Teresina alicheka nao, akawaeleza kwamba waliosomea fani hiyo hufanya kazi wizarani, hospitalini na katika mashirika, na kwamba kisima huchimbwa pasipofaa wenyeji wasipoulizwa kwanza.

Kazi ya Keji ilikuwa kutangulia kupiga hodi. Mtaani humo, mgeni mwenye maswali alitarajiwa kuleta kitu: chandarua, sabuni au unga. Wengi walipoona mikono mitupu, walifunga milango. Keji alichoka kuzungushwa juani. Basi akaanza kunong'ona mlangoni, kabla dada yake hajafika, kwamba shirika litawalipia ada wasichana wote watakaoandikwa. Milango ikafunguka. Viti vikatolewa, hata chai. Teresina akamsifu mdogo wake kwa kujua kusema na watu.

Mitihani ilipofika, Harriet, rafiki wa Keji, hakuonekana darasani. Keji alimkuta sokoni, akipanga nyanya mezani pa mama yake, Proscovia, mfanyabiashara kutoka Uganda.

"Mbona hukuja?"

"Si tunangoja shirika lenu," Harriet alijibu bila kumtazama.

Proscovia alieleza kwamba ada ya muhula aliitia katika biashara, maana alihakikishiwa kuwa ya Harriet italipwa.

"Uliniambia wewe, mwanangu, kwa kinywa chako. Wanakuja lini?"

Keji aliondoka mbio. Aliporudi nyumbani alimweleza dada yake yote. Teresina hakumfokea. Majibu yote yalikuwa yameharibika, kwani nani angemtofautisha aliyesema kweli na aliyesema ili apate ada? Mwalimu wake chuoni alimwagiza aanze upya. Wenzake wakahitimu, yeye akabaki.

Keji alirudi nyumba kwa nyumba kuukana uongo wake. Baadhi walimsikiliza, wengine walimfukuza kama mbwa aliyedokoa nyama. Mama yake alifuatana na Proscovia kumsihi mwalimu mkuu wa shule, naye akakubali kumpokea Harriet, ila arudie darasa. Teresina naye alianza tena kupiga hodi, safari hii mwenyewe. Waliomjibu walikuwa wachache, wala hakukuwa na chai, lakini walisema kweli.

Mwishowe Keji alikwenda sokoni kuomba radhi. Harriet alimpa kisogo. Proscovia aliendelea kufuta nyanya vumbi, moja baada ya nyingine, ndipo akasema:

"Nimekusamehe, mwanangu. Dada yako atahitimu, na huyu atasoma. Lakini mwaka uliompotea hakuna wa kuurudisha. Jifunze hili ungali mdogo: ukimwahidi mhitaji kitu usichonacho, unamnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa nacho."