Zile Nyingine Zimekataa

Kalamu ya ubao wa kugusa ilibaki moja tu dukani, na mikono miwili ikaidaka kwa pamoja.

"Samahani kaka, mimi ndiye wa kwanza."

"Wa kwanza kwa macho, dada. Kwa mkono ni mimi."

Duka lilifurika. Huyu anataka chaja, yule anataka waya, mwingine anagombana na muuzaji kwa redio iliyogoma kutoa sauti. Dada huyo alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Alivaa gauni la kijani lenye mkanda mwembamba kiunoni, na tangu aingie hakuwa ametulia mahali pamoja. Kaka naye alikuwa mrefu kiasi cha kuinama asigongwe na feni, shati lake jeupe limekunjwa mikono, begani begi la vifaa.

"Nina watoto arobaini wananisubiri," Mwalimu alisema.

"Arobaini! Pole sana. Na baba yao anasemaje?"

Muuzaji akaangua kicheko. Mwalimu alikaza uso, ukamshinda, akacheka naye.

"Chukua," yule mrefu akaiachia kalamu. "Mimi ndiye ninayefunga hizo mbao za kugusa mashuleni. Nitapita nione ya kwanza ilikufa kwa ugonjwa gani."

"Haikuugua. Ilitafunwa."

"Na nani?"

"Na darasa la kwanza."

Alipita kweli, wiki ileile. Watoto walipomwona anaingia mlangoni kichwa kimeinama, wakampa jina papo hapo: Mrefu. Alikaa nyuma kwenye kiti cha mtoto, magoti yamekaribia masikio, akamtazama Mwalimu akifundisha. Kwenye ubao ziling'aa embe nane na kikapu. Mtoto aliitwa mbele, akaziburuta tatu kwa kidole mpaka kikapuni, halafu akahesabu zilizobaki. Mwalimu hakuridhika na jibu peke yake. Kila mara aliuliza, "Umejuaje?" Mtoto akaeleza, wakati mwingine kwa maneno, wakati mwingine kwa vidole. Mrefu aliyekuja kukagua waya akasahau waya.

Simu za Mrefu zikaanza. Mwalimu alizipokea akitembea, kutoka jikoni hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi dirishani.

"Laazizi, uko wapi?"

"Nyumbani. Wewe?"

"Mimi niko kazini, ila akili imeomba ruhusa."

"Mwambie bosi wako aikate mshahara."

"Ataukata wote. Imehamia kwako moja kwa moja."

"Kaa chini basi, mwanangu," mama yake alimwambia kutoka kitini, mguu mbovu umenyooshwa juu ya stuli. "Hata mapenzi yanahitaji mtu akae."

Mwalimu alikaa kidogo, akainuka tena. Alimpenda Mrefu kupita alivyotaka kukiri, na jambo hilo lilimwasha kama upupu.

Ndipo mwalimu mkuu alipomwita ofisini. Mwanamke huyo alipenda suti za rangi ya zambarau na habari mbaya zilizosemwa kwa tabasamu.

"Tunaunganisha mikondo miwili ya darasa la kwanza," alisema. "Watoto themanini, chumba kimoja, ubao mmoja mkubwa. Kamati ikikubali, mwalimu mmoja anabaki, mmoja anahamishwa. Mwenzako ana mtoto mchanga, kwa hiyo kwenye uhamisho nimekuweka wewe."

"Nahamishiwa wapi?"

Alipotajiwa, moyo ulimshuka. Ni safari ya siku nzima. Na mama yake kila wiki alipelekwa kliniki ya mguu, tena na yeye mwenyewe, maana hawakuwa na mwingine.

"Lakini mwalimu mkuu, watoto themanini mtu mmoja hawezi!"

"Mbona yule kijana wenu wa ubao amesema inawezekana? Amesema hapa hapa, mbele ya bosi wake."

Mwalimu alitoka bila kuaga. Alimpigia Mrefu akiwa bado kwenye korido.

"Ulisema au hukusema?"

"Kusema nini, mpenzi?"

"Kwamba ubao unatosha watoto themanini."

"Nilisema unaonekana na watoto themanini. Bosi alikuwa anawauzia ubao mkubwa, akaniuliza, nikajibu. Lakini sikuwa na maana ya—"

"Ulikaa nyuma ya darasa langu ukaona kila kitu. Halafu ukaenda kuniuza."

"Nisikilize basi!"

"Nimekusikia. Tatizo ndilo hilo."

Alikata. Simu ikaita tena na tena, akaiacha ilie mpaka ikachoka. Siku zilizofuata hakukalika. Alipanga makabati akayapangua, akafua nguo safi. Alitoka dukani bila kununua alichofuata. Usingizi ukamhama. Mama yake hakumuuliza kitu, ila kila simu ilipoita na binti yake asipokee, alimtazama kwa jicho lile la wazazi linalouliza bila mdomo.

Siku ya maonyesho mbele ya kamati, watoto themanini walibanwa chumba kimoja, wengine madirishani, wengine watatu kwenye kiti kimoja. Wajumbe walikaa mbele na nguo zao za heshima. Mrefu alisimama pembeni ya ubao na rimoti mkononi. Amekonda. Shati halikupigwa pasi. Mwalimu alimwona, akageuza uso, na bado moyo ukamwenda mbio kama mjinga.

Mwalimu mkuu akamwita msichana mmoja wa mkondo wa pili, mdogo, mwenye nywele za mabutu. Ubaoni: tisa ukitoa nne. Msichana akagusa nane. Ubao ukaguna. Akagusa saba, ukaguna. Sita, ukaguna. Akagusa tano, ubao ukaimba "Hongera!" nyota zikamwagika kila upande. Wajumbe wakapiga makofi.

"Samahani, wazee wangu," Mrefu akasema. "Naomba tusubiri kidogo." Akachutama mpaka uso wake ukawa usawa mmoja na wa mtoto. "Umejuaje kuwa ni tano?"

Msichana akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Zile nyingine zimekataa."

Baadhi ya wajumbe walicheka, kisha kicheko kikafa.

"Mnaona?" Mrefu alisimama. "Nilisema ubao huu unaonekana na watoto themanini. Ni kweli, unaonekana. Ila haujui mtoto amefikaje kwenye jibu. Wa kujua hilo ni mwalimu, na hawezi kuwajua themanini kwa pamoja. Nilijua hivyo siku ile, nikanyamaza kwa sababu bosi alikuwa amesimama pale. Nimekosa."

Bosi wake, pale mlangoni, alikunja uso kama aliyetafuna shubiri.

Mwalimu hakujua miguu yake ilimpelekaje mbele. Alimshika msichana mkono, akafuta nyota, akaweka embe tisa na kikapu. "Haya, mama. Nne zinataka kwenda kikapuni. Zipeleke wewe." Msichana akaburuta, moja moja, midomo inahesabu. Akatazama zilizobaki. Akazigusa kila moja. "Tano," alisema polepole, halafu kwa nguvu, "Ni tano! Kwa sababu nne zimeondoka!"

Mwenyekiti wa kamati akavua miwani. "Mikondo ibaki miwili," alisema. "Na walimu wabaki wawili." Mwalimu mkuu akatabasamu lile tabasamu lake, safari hii bila habari.

Koridoni, kati ya watoto wanaokimbilia nje, Mrefu alikuwa na simu sikioni. "Sawa, bosi. Funguo za gari nitazirudisha kesho."

"Amekufukuza?" Mwalimu akauliza.

"Amenipumzisha."

"Usicheze. Sasa utafanya nini?"

"Mbao zinaharibika kila shule. Nitafunga na kutengeneza mwenyewe." Akaitia simu mfukoni. "Lakini nilipanga kukuposa nikiwa na kazi, na sasa sina. Na sina hata uhakika kama tunaongea."

"Tunaongea," alisema Mwalimu, na macho yakamjaa. "Ungenyamaza leo, nisingekutazama tena maishani. Ila siku ile uliniumiza."

"Najua."

"Usirudie."

"Sirudii, kipenzi."

Mwalimu akafuta macho kwa kiganja, akapiga namba. "Mama? Sihami. Ndiyo, sihami! Subiri, kuna mtu hapa ana neno na wewe." Akamwekea Mrefu simu mkononi kabla hajakimbia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Mrefu alimtazama Mwalimu, ambaye kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikuwa amesimama tuli kabisa.

"Ni mkweo, mama. Ukikubali."

Upande wa pili ilisikika stuli ikiburutwa.

"Njoo na wakubwa wako," mama alisema. "Maneno kama haya hayasemwi kwenye simu."