Kivuli Kisichohitaji Ruhusa

Idris alikutwa amelalia meza yake ya kazi, ukanda wa kamera umemzama shingoni, shavu juu ya kibodi ya kompyuta. Shavu hilo lilikuwa limekandamiza kitufe, na kwenye skrini picha za visiwa zilikuwa zinapita bila kukoma: Kudhaa, Ngumi, nyavu zimeanikwa, ndege wa mwambao, Kudhaa tena.

Inspekta Swabra alisimama mlangoni, miguu ikakataa kuingia. Maiti alikuwa ameziona nyingi. Lakini maiti inayowaonyesha wageni picha hakuwa ameiona.

"Sadiq, mwinue kichwa," alisema. "Taratibu. Hizo picha zisimame."

Sajenti Sadiq akamwinua marehemu. Picha zikasimama.

Duka lilikuwa karibu na bandari ya Kismayo. Mbele Idris alipiga picha za pasipoti. Chumba cha nyuma ndimo ilimokuwa riziki yenyewe. Alipiga picha za pwani, akazipanga, akazirekebisha rangi, akazipeleka kwa wakala wa ng'ambo aliyeziweka kwenye tovuti. Mtu yeyote duniani aliyetaka picha ya kupambia tangazo au kitabu aliweza kuinunua. Mji ulimcheka: nani mwenye akili zake atanunua picha ya wavu? Basi walikuwepo, na walinunua.

Aliyeiona maiti kwanza ni Fathiya, mwanamke aliyefanya kazi naye. Yeye ndiye aliyeziandikia picha maneno ya kutafutiwa kwenye tovuti. Asubuhi hiyo alifungua kwa ufunguo wake, akapiga ukelele uliosikika hadi sokoni. Sasa alikuwa ameketi kizingitini.

"Ulimwona lini akiwa hai?"

"Jana alasiri. Nilimwacha anapika kahawa, anamngoja mgeni."

"Mgeni gani?"

"Hakusema. Alikuwa na furaha tu, wallahi."

Swabra alitazama meza. Vikombe viwili vya kahawa, vyote vimenywewa. Kimoja kilikuwa na alama za vidole. Cha pili kilikuwa kimefutwa kikang'aa.

"Kuna kilichopotea?"

"Simu yake. Na diski ya kuhifadhia picha."

"Kamera je?"

"Ile pale mezani."

Swabra alitikisa kichwa. Mwizi gani huyu, anaiacha kamera ya kununulia nyumba anaondoka na diski? Daktari wa polisi alimaliza uchunguzi akasema maneno machache: amenyongwa kwa nyuma, hakupigana. Aliyemnyonga alisogea karibu kama mtu wa nyumbani.

Maiti ilizikwa siku ile ile. Aliyesimamia kila kitu ni Mahdi, mvuvi, kaka yake Rawda mke wa marehemu. Alimwosha shemeji yake kwa mikono yake, akalibeba jeneza, akaingia kaburini kumpokea. Sadiq alikuwepo mazikoni, na alirudi kituoni macho mekundu.

"Afande, yule bwana ana mitihani," alisema. "Mwaka jana mashua yao ilizama karibu na Ngumi, mwenzake Husein akafa maji. Hakuonekana hata mwili. Yeye akaogelea akaokoka. Leo tena shemeji."

"Rawda umemhoji?"

"Nimerudishwa mlangoni. Yuko edani, haonani na wanaume wa nje. Mahdi ndiye maharimu wake wa pekee, mwanamume wa damu yake, ndiye anayeingia na kutoka."

Hilo Swabra hakulilaumu. Ni haki ya mfiwa.

Siku ya pili alimwita Fathiya kituoni afungue akaunti ya Idris kwenye tovuti ya wakala.

"Nionyeshe kazi yake ya mwisho."

Picha ilijitandaza kwenye skrini. Mchanga mweupe, bahari ya samawati, mawe mawili ya matumbawe. Kutoka ukingo wa kushoto kiliingia kivuli kirefu cha mwanamume aliyeshika kasia. Mwanamume mwenyewe hakuwepo. Chini yake Fathiya aliandika: pwani tupu, utulivu, mapumziko.

"Mwenye kivuli yuko wapi?"

"Amekatwa. Idris alipunguza ukingo wa picha. Wakala hapokei uso wa mchu, mtu yeyote yule, bila ruhusa yake ya kutia saini. Kivuli hakina uso, hakihitaji ruhusa."

"Na picha nzima?"

"Ilikuwa kwenye diski. Alitaka kuiuza na yenyewe, akipata ruhusa."

"Aliipiga wapi?"

"Kisiwani Darakasi, mwaka jana, akiwa safarini kwenda Kudhaa. Aliivuta kwa lenzi kutoka mbali. Ndiyo kwanza amerudi kuzipanga picha za wakati ule." Fathiya akaongeza, kwa sauti ndogo ya kujivunia, "Hii iliyokatwa imeshanunuliwa, afande. Kampuni ya utalii imeitaka kwa tangazo lao."

Swabra alizaliwa Ngumi. Aliikuza picha, akaikuza tena. Jiwe moja lilikuwa mashariki, jingine magharibi. Mchanga wa katikati ulikuwa umeinuka kidogo, na rangi yake ilikuwa nzito, kama mchanga uliotoka chini muda si mrefu. Kwa watu wa visiwa hivi kibla kiko kaskazini. Maiti hulazwa ubavu, uso huko, kichwa na miguu vikielekea mashariki na magharibi.

Akaiondoa mikono yake kwenye meza kana kwamba imemuunguza.

"Fathiya, hili ni kaburi."

"Mimi niliona mawe tu!"

"Hata Idris aliona mawe tu. Jicho lake lilikuwa kwenye mwanga," alisema Swabra. "Siku iliyopigwa imeandikwa?"

Fathiya akabonyeza. Tarehe ikatokea. Sadiq aliyekuwa nyuma yao akainama kuisoma.

"Laa ilaha illallah! Afande, hii ndiyo siku aliyokufa Husein."

Ugenini huko kuna watu wanapamba tangazo la mapumziko kwa kaburi la mtoto wa watu, na mamake, Bi Mwanabibi, yuko Kudhaa bado anauliza kila mashua inayotia nanga kama imeokota chochote.

"Idris alikulia Mombasa," Swabra alisema polepole. "Wazazi wake walikimbilia huko vita vilipoanza. Amerudi mwaka jana tu. Mtu wa kwenye picha hiyo angemjuaje, hasa kwa mbali vile? Angemuuliza nani?"

"Mkewe," Fathiya alijibu.

Swabra na Sadiq walipofika, Mahdi alikuwa ameketi mlangoni kwa dada yake, kofia ya kitambaa kichwani, amechoka. Alisimama kwa adabu.

"Dadangu yuko edani, afande."

"Na mimi ni mwanamke, kaka Mahdi. Nipishe."

Alimpisha.

Rawda alikuwa amejifunika kitambaa cheupe, hana wanja, hana hina. Wanawake waliokuwa naye waliondoka kimyakimya.

"Pole, dadangu."

"Nishapoa, Bi Swabra."

"Idris aliwahi kukuonyesha picha ya Darakasi?"

"Alinitumia kwenye simu, siku ile ile aliyokufa. Akaniuliza, huyu mchu unamjua?"

"Simu iko wapi?"

"Anayo kaka. Amesema mwenye eda hashiki simu."

Eda Swabra alizijua, mamake alikaa, shangazi zake walikaa. Mwenye eda hajipambi, hajitii manukato, hatoki ila kwa dharura. Simu haimo. Hiyo ni sheria iliyotungwa mlangoni.

"Ukamjibu nini Idris?"

Rawda akatabasamu, tabasamu la kwanza tangu msiba. "Nilimwambia asihangaike. Mchu mwenyewe ni kaka yangu, nilimtambua kwa kofia. Nikamwambia, mwite shemejio dukani, mpe kahawa, atakutilia saini. Usiku Idris hakurudi, nikamtuma Mahdi kumtazama. Akasema duka limefungwa. Bi Swabra, mbona unanitazama hivyo?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Swabra alitamani mtu mwingine angeubeba mzigo huo badala yake, hata kwa dakika moja. Akainuka, akafungua mlango.

"Mahdi, ingia. Sadiq, wewe simama nyuma ya pazia. Mahdi, ile simu ya dadako."

Aliitoa mfukoni. Ilikuwa imezimwa.

"Uliifungua?"

"Sijui namba yake ya siri."

"Mbona hukuitupa?"

"Eda ikiisha angeniuliza."

Rawda aliiwasha mwenyewe. Akaitafuta picha, akampa Swabra. Sasa mwenye kivuli alikuwepo: kofia ya kitambaa, kasia mkononi, ameinama juu ya mchanga. Nyuma yake mashua imepandishwa ufukoni, nzima, haina hata mwanya.

"Mashua yenu ilizama wapi?"

"Ngumi. Kila mchu anajua."

"Mlipitia Darakasi?"

"Hatukufika kabisa."

Swabra akamgeuzia simu. "Huyu nani?"

Mahdi alitazama, akakaa chini bila kuambiwa.

"Husein yuko wapi, Mahdi?"

"Yupo hapo. Chini ya mawe."

Rawda akaziba mdomo kwa mikono miwili.

"Kwa nini?"

"Mashua ilikuwa yetu sote wawili. Alitaka tuiuze, aende Mombasa kwa nduguze. Mimi bila mashua ni nani? Nikamwomba, akacheka. Nikampiga kasia. Mara moja tu, afande, na sikukusudia. Kisha nikaitoboa mashua mbele ya Ngumi, nikaogelea."

"Ungemwachia bahari, tusingejua milele. Mbona ulimzika ukamwekea na mawe?"

Mahdi alimtazama kama aliyeulizwa swali la mtoto. "Ni Mwislamu. Nimtupe kama samaki? Nilimwosha, nikamswalia, nikamlaza uso kibla. Nikamwekea jiwe la kichwani na jiwe la miguuni, nipate kumzuru."

"Na Idris alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Alinipa kahawa. Akafungua ile picha, kubwa, akanitania: shemeji umependeza, dunia nzima itakuona. Hakuwa amejua anatazama nini. Lakini Bi Mwanabibi ana wachu Mombasa, ana wachu Ulaya. Mmoja angeiona na mashua ile ikiwa nzima. Nikamwambia sitaki iuzwe. Akageukia kompyuta, akasema, 'Hakuna neno, ngoja nikuonyeshe.' Sikungoja. Ukanda wa kamera ulikuwa hapo kitini."

"Alitaka kukuonyesha nini?"

"Sijui."

"Mimi najua," alisema Rawda.

Alikuwa ameichukua simu yake. Hakulia. Aliusoma ujumbe wa mwisho wa mumewe kwa sauti iliyonyooka, mpaka Sadiq nyuma ya pazia akainamisha kichwa.

"'Nimemwita Mahdi, naweka kahawa. Akikataa hakuna neno, nimeshamkata pembeni, kipande kilichobaki kinatosha na nimekipeleka. Hata hajulikani kama alikuwepo. Usiku nitakuya na samaki.'"

Mahdi aliuweka uso wake sakafuni. Mlio uliomtoka haukuwa kilio cha mtu aliyekamatwa. Akamsogelea dada yake kwa magoti, na Rawda akaivuta miguu yake ndani ya kitambaa cheupe.

"Ulimwosha wewe," alimwambia. "Uliniambia uso wake una nuru."

Pingu zilifungwa. Sadiq alimwongoza mshukiwa nje, wanawake wa uani wakiwa wameganda, sinia mikononi. Swabra alitoa amri kwa simu: mashua ya polisi iende Darakasi pamoja na daktari, na Bi Mwanabibi aletwe kutoka Kudhaa, aambiwe mwanawe amepatikana. Kisha akageuka aondoke.

"Bi Swabra."

"Naam, dadangu."

"Maharimu wangu alikuwa yeye peke yake," alisema Rawda. "Sasa mlangoni atakaa nani?"

Swabra alimwambia Sadiq atangulie kituoni na mshukiwa, akaufunga mlango kwa ndani, akakaa.