Kaseti ya Malimbuko

Peugeot nyeupe ilikata kona ya Elerai kwa fujo, ikapindua tenga zima la nyanya.

Vaileth Akyoo hakupunguza mwendo. Alipita juu ya nyanya za watu na Land Rover ya Idara ya Upelelezi, akamwomba mwenye nyanya msamaha kimoyomoyo, akakandamiza pedeli.

"Utaua mtu, dada Vaileth," alisema Richard, bwana wa makumbusho aliyekaa kando yake. "Jumapili hii, watu wanakwenda kanisani."

"Na sisi tunakwenda kanisani. Funga mkanda."

Peugeot ikaingia kichochoro kisichotokea popote. Ndiyo shida ya kumkodi mhuni asiyeijua mitaa. Dereva alipofungua mlango, alikuta mdomo wa bastola ya Vaileth, Beretta, unamsubiri.

Aliitwa Brian, dalali wa magari, aliyeonekana asubuhi hiyo akizungukia loji ya mzungu waliyekuwa wakimchunguza. Kwenye kiti chake palikuwa na redio ya mkononi, Motorola nyeusi.

Vaileth aliitazama, akaitazama ya kwake. Mapacha. Hata namba ya Idara ilikuwa imechongwa chini ya betri.

"Umepewa na nani?"

"Simjui, sista. Namsikia sauti tu, tena anaikoroga. Nilitakiwa niende mnada wa kanisa, juu ya Kikatiti. Ninunue kitu cha bibi mmoja kwa bei yoyote, nimpelekee mzungu."

Vaileth alimkabidhi Brian kwa askari wa doria. Redio akabaki nayo, akaitia mfukoni.

Hizo zilikuwa zama za ruksa. Soko limefunguliwa, kila mwenye kitu anauza, na asiyekuwa nacho anauza cha jirani. Idara ilizoea kuwafukuza wezi wa tanzanite na vinyago vya kale. Safari hii ilikuwa kaseti ya gemu ya televisheni. Usicheke.

Elieza, mtoto wa Kimeru, alikwenda Uingereza kusomea kompyuta, akaajiriwa na kampuni ndogo ya gemu. Huko alitengeneza gemu yake, akaiita Mfereji. Mchezaji anayatoa maji msituni, anayashusha mlimani, anayagawa shamba kwa shamba. Akiiba zamu ya jirani, anaitwa kikaoni na kutozwa mbuzi. Kampuni ikafilisika kabla gemu haijafika dukani. Elieza akarudi nyumbani na kaseti ya majaribio, pekee duniani, kisha malaria ikamchukua.

Mzungu aliyeitaka aliitwa Hallam. Alikusanya gemu ambazo hazikuwahi kutoka, akazifungia kwenye kasha la chuma kwake. Akikuta nakala ya pili mahali, anainunua na kuiponda kwa nyundo, ili yake ibaki peke yake. Roho ya namna hiyo hata mchawi anaiogopa.

Richard alitaka kuinakili na kuiweka makumbusho, kila mtu aione. Lakini kaseti ilikuwa ya mama yake Elieza, Bibi Hanna, na bibi alikuwa na msimamo wake.

"Mwanangu aliahidi malimbuko ya kazi yake yatafika madhabahuni," alikuwa amemwambia Vaileth. "Kifo kikamuwahi. Nitayapeleka mimi, Sikukuu ya Mavuno. Yatanadiwa kama ndizi za wengine."

"Bibi, akiinunua mtu mbaya, hakuna atakayeiona tena."

"Hilo linaniuma. Elieza hakuifanya ile kazi ifungiwe sandukuni. Lakini ahadi ya Mungu sitaivunja. Nyie njooni mnunue."

Mbali na bibi, waliojua kwamba kaseti itanadiwa walikuwa watatu tu: Vaileth, Richard, na mkuu wa kituo, mzee Aristides.

Mmoja wao alikuwa amempa Brian redio.

Walipofika Usa River, Richard aliomba gari lisimame. "Kuna simu nataka kupiga. Mara moja tu."

Aliingia dukani penye simu. Mtaa wa pili tu ilikuwa loji aliyofikia Hallam. Vaileth alimtazama kwenye kioo cha gari. Richard alikuwa anacheka na simu, huku ameziba mdomo kwa kiganja. Mtu mwenye jambo la halali anaziba mdomo wa nini?

Redio ya Vaileth ikakwaruza.

"Mbega, Mbega. Hapa Kilele."

Ilikuwa sauti ya Aristides.

"Mbega anakupata."

"Huyo wa makumbusho yuko wapi?"

"Anapiga simu."

"Nilijua. Usimwamini. Mnadani asiguse kitu. Nakuja mwenyewe."

Vaileth alizima redio. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, ila hawakusema ni nguo ipi. Richard aliporudi, hakuulizwa kitu. Pingu tu zilisogezwa karibu.

Walipofika kanisani, ibada ilikuwa imekwisha. Nje ya kanisa, mikungu ya ndizi ilipangwa kwenye majani, kuku wamefungwa miguu, kahawa kwenye debe. Mnadishaji, mzee Sadoki, alikuwa na sauti isiyohitaji spika. Barabarani, nje ya geti, Land Cruiser yenye vioo vyeusi ilisimama huku injini inanguruma. Hallam.

Aristides alisimama nyuma ya kwaya, koti zuri la kijivu, kichwa wazi kwa heshima ya mahali. Alimpungia Vaileth kidogo.

"Haya ni malimbuko ya marehemu Elieza," alisema mzee Sadoki, akiinua kaseti nyeusi. "Mimi siijui, lakini mwenyewe anaijua. Nani anaanza?"

Richard akainua mkono. Vaileth hakumzuia, alitaka kuona. Aristides akapandisha. Richard akapandisha tena, jasho linamtoka. Aristides akapandisha mara tatu yake, bila kupepesa, na watu wakaguna.

Vaileth akajiuliza jambo dogo. Idara ilikuwa haina hata mafuta ya magari. Mkuu amezitoa wapi pesa hizi?

Aliingiza mkono mfukoni, akabonyeza kitufe cha redio ya Brian, iliyokuwa bado kwenye masafa ya yule mwenye sauti.

Koti la kijivu likakwaruza.

Akabonyeza tena. Likakwaruza tena. Aristides akajipapasa kifuani, akamwangalia Vaileth, na macho yao yakakutana juu ya vichwa vya kwaya.

Moyo ulimuuma. Huyu ndiye aliyemfundisha kazi. Lakini angefanya nini? Kununua mnadani si kosa. Akimkamata sasa, mzee angesema anainunulia serikali, na kaseti ingevuka geti mikononi mwa mkuu halali.

"Ya kwanza," aliita Sadoki. "Ya pili. Imekwenda kwa mgeni wetu."

Aristides alitoa bunda lote la noti, akaliweka kwenye sinia la sadaka. Mzee Sadoki akamsogezea kaseti, akatabasamu, akauliza swali linaloulizwa kila mnada wa kanisa toka Meru mpaka Machame:

"Unachukua, au unarudisha?"

Tuseme ukweli. Aristides alikuwa mzee wa kanisa kwao Kilimanjaro. Tangu mshahara wake wa kwanza alikuwa akisimama hivyo, kwenye mavuno, kwenye harambee, mbele ya wakwe. Mtu mwenye uwezo hachukui. Analipa, kisha anarudisha kitu kinadiwe tena, na usharika unampigia makofi. Mwanaume wa Kilimanjaro aliyevaa koti kama lile hajawahi kujibu vingine. Na siku hiyo akili yake yote ilikuwa kwa Vaileth.

"Narudisha," alisema.

Kwaya ikapasuka kwa wimbo. Makofi yakavuma. Mchungaji akaja kumshika mkono.

Uso wa Aristides ukawa majivu. Nani anamnyang'anya Mungu mbele ya mchungaji? Alijipekua mifuko yote. Bunda lilikuwa kwenye sinia, na sinia limekwisha pelekwa ndani.

"Tunaanza upya," alisema Sadoki.

Richard alitaja alichokuja nacho, kidogo kabisa. Hakuna aliyempinga.

"Unachukua, au unarudisha?"

"Nachukua," alisema Richard. "Nachukua kwa niaba ya watu wote."

Vaileth alikuwa ameshafika nyuma ya kwaya. Alitoa redio ya pili kwenye koti la kijivu, taratibu, kama anayemwondolea mzee uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Aristides alinyoosha mikono mwenyewe. "Nifunike pingu, Vaileth. Wasinione."

Alimfunika kwa kanga aliyoazima kwa mama wa kwaya. Hakumhurumia, lakini aibu ya mtu mzima si ya kuchezea.

"Ile simu ya Usa River?" Vaileth alimuuliza Richard walipopishana.

"Nilimpigia shemeji alete televisheni na Sega, mashine ya kuchezea gemu. Nilitaka bibi ashtukizwe."

Vaileth aliona haya, akamwambia hivyo waziwazi.

Mashine ilifungwa kwenye ukumbi wa usharika. Maji ya Elieza yakashuka mlimani, rangi ya buluu, na sauti yake mwenyewe ikaita zamu kwa Kimeru. Bibi Hanna alishika mdomo. Kisha akasogea mbele, machozi yanamtiririka, akamwelekeza Richard kwa kidole.

"Hapo fungua. Hapo funga, si zamu yao. Elieza, mwanangu."

Watu walijaa mpaka madirishani.

Vaileth alimpakia Aristides kwenye Land Rover, akaiendea ile Land Cruiser. Kioo cheusi kilishuka. Hallam alikuwa na mkoba magotini na jasho puani.

"Kaseti iko wapi?" aliuliza kwa Kiswahili cha kamusi.

"Ukumbini," alisema Vaileth, akivaa miwani yake ya jua. "Nenda kaangalie. Kiingilio bure."

Akageuka, akaenda zake.