Moto Katika Mguu wa Ljerka

Vinko ndiye aliyeamka kwanza. Aliwasha jiko la kuni, akabandika maji ya kahawa, kisha akachukua ndoo na kwenda zizini. Ukungu ulikuwa umefunika uwanja wote. Zamani kazi ya kukamua ilikuwa ya mkewe, Ljerka, na zizi lilikuwa limejaa. Sasa alibaki ng'ombe mmoja tu.

Ljerka alikuwa ameanguka kutoka darini, mahali wanapohifadhi nyasi kavu. Akaumia mgongo, akafanyiwa upasuaji. Mfupa uliunga vizuri. Lakini mguu wa kushoto ulianza kuwaka, kama umewekwa juu ya makaa. Hata shuka likiugusa, alilia.

Mama yake Vinko, bibi Kata, aliketi mezani akikatakata kabichi za kutia kwenye pipa la chumvi.

"Daktari alisema mgongo umepona," alisema. "Sasa kinachouma ni nini?"

"Mguu, mama," Ljerka alijibu.

"Una jeraha?"

"Hauna."

"Umevimba?"

"Haujavimba."

"Basi mguu huo ni mwongo kuliko mwenyewe. Mimi nilizaa asubuhi, jioni nikakamua."

Vinko alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Alisikia yote. Kimya chake kilimchoma Ljerka kuliko maneno ya mama mkwe.

Majira ya baridi yaliingia, na Ljerka akaacha kwenda kanisani, kwa sababu benchi lilimtesa. Akaacha kwenda dukani, kwa sababu watu walimuuliza, "Bado tu?" Vidonge vya maumivu vilimsaidia kidogo, halafu havikumsaidia tena. Akaanza kuvimeza bila kufuata maagizo ya daktari. Kisha akaanza kuviteremsha kwa rakija, ile pombe kali ambayo Vinko aliipika mwenyewe kwa matunda ya plamu.

Siku moja Vinko alirudi kula chakula cha mchana. Alimkuta mkewe sakafuni karibu na jiko. Midomo ilikuwa ya bluu. Pumzi ilikuja kidogo, ikakaa, ikaja tena.

"Ljerka! Ljerka, amka!" Alimtikisa. "Mama, piga simu! Ita gari la wagonjwa!"

Bibi Kata alishika simu, ikamponyoka, akaiokota na kupiga.

Madaktari walimwokoa. Ilikuwa bado kidogo tu wamkose.

Aliporudi nyumbani, nesi Jasenka alikuja kumtazama. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini kuwahudumia wagonjwa majumbani. Alivua viatu vyake vyenye matope, akaketi kando ya kitanda.

"Dada Ljerka, ulitaka kufa?"

Ljerka aligeukia ukutani. "Nilitaka mguu usiwake. Hata saa moja tu."

Jasenka alimshika mkono. "Vidonge hivyo na pombe havikai pamoja. Vyote viwili vinazima pumzi. Na sasa usiviache ghafla pia, mwili utakusumbua. Daktari atakupunguzia polepole. Tumeelewana?"

"Tumeelewana. Lakini mguu je? Kila mtu anasema ni mzima."

"Mguu ni mzima. Mshipa wa fahamu ndio ulioumia." Jasenka alimtazama Vinko aliyesimama mlangoni. "Kengele ya mlangoni kwenu, waya wake ukiharibika, si inaweza kulia bila mtu kubonyeza?"

"Inaweza," Vinko alisema.

"Mlangoni hakuna mtu, lakini kelele ni za kweli. Maumivu ya mkeo ni hivyo hivyo. Hadanganyi."

Vinko aliinamisha kichwa. Bibi Kata, aliyekuwa akisikiliza kutoka jikoni, aliacha kisu juu ya kabichi akasogea.

"Kuna kliniki ya maumivu mjini," Jasenka aliendelea. "Watampima. Wakiona anafaa, watapitisha nyaya nyembamba karibu na uti wa mgongo. Kifaa kidogo chenye betri kinapeleka umeme mdogo sana. Umeme huo unapunguza ujumbe wa maumivu kabla haujafika kwenye ubongo."

"Umeme mgongoni?" bibi Kata alidakia. "Kwani mkwe wangu ni trekta?"

"Angekuwa trekta, mama Kata, mngekuwa mmeshamtafutia fundi siku nyingi."

Ljerka alicheka kidogo, halafu akalia.

"Nitapona?" aliuliza.

"Sitakudanganya. Hakiponyi, kinapunguza. Na hakimfai kila mtu. Ndiyo maana wanakijaribu kwanza."

Walisubiri muda mrefu kabla ya zamu yao kufika. Yule ng'ombe wa mwisho aliuzwa, maana Vinko hakuweza kumtunza huku akimpeleka mkewe mjini. Kule kliniki walimpima Ljerka mwili, kisha mshauri akazungumza naye kuhusu huzuni yake na pombe. Vidonge vilipunguzwa taratibu. Rakija ilitolewa nyumbani.

Siku ya majaribio alilala kifudifudi. Walimtia ganzi mgongoni, lakini alikuwa macho. Daktari alipitisha nyaya kwa sindano.

"Unasikia nini?" daktari aliuliza.

"Kama sisimizi wanatembea. Kwenye paja."

"Na sasa?"

"Gotini. Wanashuka." Machozi yakadondoka.

"Nimekuumiza?"

"Hapana, daktari. Mguu umenyamaza."

Alirudi nyumbani na kifaa cha majaribio kimefungwa kiunoni. Kwa siku chache alilala usingizi ambao alikuwa ameusahau. Maumivu yalipungua zaidi ya nusu. Ndipo wakamwekea kifaa chenyewe chini ya ngozi, juu ya tako.

"Usiiname, usijipinde, usibebe kitu kizito mpaka tukuruhusu," daktari alimwambia. "Nyaya zinaweza kuhama. Kidonda kikiwa chekundu, kikitoa usaha, au ukipata homa, njoo mara moja. Betri uichaji kama tulivyokuonyesha. Na ukitaka kupigwa picha ya MRI, ile mashine ya sumaku, sema kwanza kwamba una kifaa."

Vinko alisikiliza kila neno. Nyumbani alikataza mtu yeyote kumwachia Ljerka ndoo.

Moto haukuzimika wote. Siku za baridi kali uliamka, na Ljerka alibonyeza kidhibiti chake kuongeza nguvu. Zizi lilibaki tupu. Mashamba mengine walikodisha kwa jirani. Lakini alianza kutembea mpaka dukani na kurudi. Alipoulizwa, "Bado tu?", alijibu, "Bado, lakini natembea."

Siku moja ya mvua alikuwa jikoni akikoroga supu. Alisimama ghafla, akashika ukingo wa meza. Bibi Kata alimwona.

"Unauma?"

"Kidogo, mama."

Kizee aliinuka taratibu, akavuta kiti chake mwenyewe karibu na jiko, akachukua mwiko kutoka mkononi mwa mkwe wake.

"Kaa," alisema. "Supu nitakoroga mimi."