Mng'ao Kabla ya Upanga

"Umepunguza mng'ao bila kuniambia, Renji!"

"Nilikuonyesha Jumanne. Ukacheza, ukalishinda jitu mara nne, hukulalamika."

"Nisingeweza kulalamika! Nimepigana nalo mwaka mzima. Hata nikifumba macho nalikwepa!"

Walikuwa nyuma ya kibanda chao kwenye maonyesho ya michezo ya video, Osaka, ukumbi umefurika watu na makelele. Sumire alivaa jaketi la njano la kampuni, nywele amezibana kwa penseli. Yeye ndiye aliyebuni mapigo ya jitu. Renji, mpenzi wake wa miaka mitatu, ndiye aliyelichorea mwili na mwendo. Kabla upanga haujashuka, jicho la jitu lilitakiwa ling'ae jekundu, mchezaji aone, akwepe.

"Mng'ao ulidumu picha arobaini za skrini," Sumire alisema. "Umebakiza kumi na tano. Robo sekunde!"

"Arobaini ilionekana nzito, mpenzi. Kama jitu linasinzia."

"Kwako wewe unayelijua!"

Mbele yao, kwenye skrini ya majaribio, mama mmoja mwenye koti la kijani aliuawa na jitu kwa mara ya sita.

"Wanangu, jitu hili halina adabu," alisema. "Mimi Hatsue ni dereva wa basi. Hata teksi za mji huu huwasha taa kabla ya kukata kona."

Sumire hakubishana tena. Alivuta kibodi, akarudisha arobaini. Jicho likawaka, Bi Hatsue akaruka pembeni, akapiga kelele za furaha hadi foleni nzima ikacheka.

Simu ya Renji ikalia.

"Ndiyo, gari la kuhamisha vitu lije Jumatatu saa tatu asubuhi. Masanduku kumi na mawili, hadi Fukuoka. Asante."

Sumire alimgeukia taratibu. "Fukuoka?"

"Nahamia huko, kazi mpya. Si unajua?"

"Najuaje?"

"Vitabu nimevifunga. Mchele nanunua kilo mbili mbili tu. Mmea wangu nimekuletea."

"Nilidhani unautafutia jua, dirisha langu lina jua!"

"Ulinyamaza, nikaona umekubali niende peke yangu."

"Ndivyo ulivyowafanyia hawa wachezaji. Kwa kuwa wewe unajua, basi kila mtu ameona." Akamkazia macho. "Unataka twende wote, au hutaki? Sema kwa mdomo."

"Nilitaka kukuomba. Nikaogopa utakataa."

"Sijakuuliza uliogopa nini, bwana wee."

"Nataka twende wote! Nataka nikuoe!" Alisema kwa sauti ambayo hata wa kibanda cha jirani walisikia.

"Vizuri. Leo."

"Leo Jumamosi, Sumire, ofisi zimefungwa."

"Dirisha la mlinzi pale ofisi ya kata hupokea fomu za ndoa hata sikukuu. Shika zamu hapa kibandani."

Sumire alitoka mbio hadi duka la kona, akachapa fomu ya ndoa kwenye mashine ya humo, akarudi akihema. Mashahidi walitakiwa wawili. Bwana Morikawa, msimamizi wao, alitia sahihi huku akiguna, "Na wewe Fukuoka pia? Mnanimalizia watu!"

"Wiki mbili nitakufundishia mrithi wangu, bosi," Sumire alisema. "Kisha namfuata."

Bi Hatsue aliandika jina lake kwa herufi kubwa. "Nimekuja kucheza, nimekuwa mshenga," alisema. "Haya nendeni, mwacheni mama apigane."

Saa tisa alasiri walisimama mbele ya dirisha la mlinzi, bado na majaketi ya njano. Mzee aliyekuwa ndani alipitisha kidole kwenye fomu, kikasimama katikati.

"Hapa hamkujaza. Mtachukua jina la ukoo la nani, la mume au la mke?"

Sumire alifungua mdomo.

"La mke," alisema Renji.

"Una hakika?"

"La mke. Nimesema."

Sumire alichomoa penseli nywelini, akacheka, akairudisha. Akaomba kalamu ya wino. Akatia alama penye jina la mke, akaisukuma fomu chini ya kioo, na mlinzi akaipokea.