Tableti Iliyoachwa na Mwenyewe

Kalamu ilikuwa na joto. Muuza duka aliitoa kwenye kabati lililofungwa kwa ufunguo, akaipangusa vumbi kwa shati lake, akampa. Na Mchoraji alipoipokea akahisi kama ameshikishwa kitu ambacho mtu mwingine amekiachia sasa hivi.

Hakulitia maanani. Tangu asubuhi alikuwa amezunguka maduka manne, na nyayo zilikuwa zinamwaka moto. Kwa miaka kumi na minne alichora picha za vitabu vya shule kwa penseli na wino. Sasa Mhariri alikuwa amesema karatasi hazipokelewi tena, kila picha itumwe kwa kompyuta, na picha sitini zinatakiwa ndani ya mwezi mmoja. Basi ndiyo akawa anatafuta tableti ya kuchorea ambayo mjane mwenye mtoto anaweza kuimudu.

Ya kwanza ilikuwa nzuri mno, na alipotajiwa bei aliirudisha mezani taratibu kama anayeweka yai. Ya pili haikuwa na kioo: mkono unachora huku, mstari unatokea kule kwenye kompyuta. Aliambiwa mkono huzoea baada ya wiki mbili, lakini wiki mbili za kuchezea hakuwa nazo. Ya tatu ilikuwa ndogo kama kiganja, na yeye huchora kwa bega zima, si kwa vidole.

"Dada, chukua hii," muuza duka alisema. "Unachora juu ya kioo chenyewe, kama karatasi. Ukigandamiza mstari unanenepa, ukilegeza unakonda. Na bei ni ya kuitoa tu."

"Mwenyewe kaiuza kwa nini?"

"Ameacha kuchora." Akatazama mlangoni. "Ila sipokei marejesho. Ukitoka nayo, umetoka nayo."

Nyumbani, wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuwa sebuleni na cherehani yake. Wifi alikuwa fundi wa nguo, mtu wa maneno machache. Maneno yote ya nyumba ile aliyamaliza Kidoti, binti wa Mchoraji, mwenye umri wa miaka sita na doti nyeusi shavuni. Aliongea akila, akaongea akivaa, akaongea na viatu vyake.

"Mama, inachora yenyewe?" aliuliza.

"Ingekuwa hivyo ningelala, mwanangu."

Wiki ya kwanza alichora picha saba. Kifundo cha mkono kilivimba. Mchana mmoja, mtoto yuko shule, aliegemeza kichwa kwenye kiti na kusema kwa sauti, bila kumwambia mtu, "Hata angekuwa shetani, akinishika mkono kazi hii nitamshukuru." Usingizi ukamchukua palepale.

Alipoamka chumba kilinuka nywele zilizoungua. Picha aliyoiacha nusu, ya watoto wanaovuka barabara, ilikuwa imekwisha: vivuli, mikunjo ya nguo, mpaka vumbi la magurudumu. Ilimpendeza kuliko yoyote aliyowahi kuchora. Akajiambia kwamba ameimaliza akiwa amesinzia. Siku ya pili ikatokea tena. Siku ya tatu alifungua ukurasa mtupu, akaandika juu yake kinachotakiwa, akaenda kulala makusudi. Tuseme ukweli: kufikia hapo alikuwa anajua.

Cha ajabu, usingizi ule haukumpunguzia kitu. Aliamka kachoka zaidi ya alivyolala. Akawa anamvalisha mtoto sare huku amefumba macho, na chakula anakipakua bila kumtazama anayempa.

Siku moja wifi alimfuata jikoni, akafunga mlango nyuma yake.

"Wifi, jana mchana ulikuwa unachora?"

"Kwa nini?"

"Nilipita mlangoni." Sauti yake ilishuka mpaka ikawa pumzi. "Kichwa chako kilikuwa mezani, unakoroma, mikono yote miwili imening'inia. Na kalamu ilikuwa inakwaruza kioo."

"Labda uliota."

"Mimi sishoni nikiwa usingizini, wifi."

Mchoraji alirudi chumbani, akafungua picha zote arobaini na moja zilizomalizika akiwa amelala, akazitazama moja baada ya moja kama alivyopaswa kuzitazama tangu mwanzo. Katika ile ya barabara, nyuma kabisa, alisimama msichana ambaye yeye hakuwahi kumchora. Katika ile ya kisimani msichana yuleyule alikuwa amesogea kidogo. Katika ile ya maktaba alikuwa amesogea tena, na kadiri kurasa zilivyofunguka ndivyo alivyokaribia, akiwapita wenzake bila kugeuza shingo, mpaka katika picha ya mwisho uso wake ulijaza kioo chote, macho yamekodoka, doti nyeusi shavuni, na chini ya pua, mahali pa mdomo, ngozi tupu iliyonyooka kama ukuta uliopakwa chokaa.

Mlango wa mbele ulifunguka. Kidoti alikuwa amerudi kutoka shule, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, aliingia kimya.

Walimpeleka hospitali. Daktari alimmulika koo, akamgonga magoti, akasema haoni tatizo, labda mtoto ameshtuka. Kidoti alifungua midomo na kuifunga, na hakikutoka hata kikohozi. Mchoraji alichomoa waya wa tableti. Kioo kikabaki kinawaka. Akaifuta picha ile. Ikarudi kabla hajaondoa kidole. Akafunga mlango wa chumba, na kutoka ndani wote watatu wakasikia kwaru, kwaru, kwaru, polepole, kama mtu mwenye nafasi ya kutosha.

Asubuhi wifi alimleta mganga, mama mtu mzima ambaye wateja wake humwita Bi Taratibu. Alikuja na mkoba wa kwenda sokoni, akaomba kiti kwa sababu ya magoti. Alinusa hewa.

"Ulimwita?"

"Sikumwita, mama."

"Ulisema nini?"

Mchoraji akamwambia, huku ametazama sakafu.

"Basi ndiko kuita kwenyewe," Bi Taratibu alisema, bila ukali. Akamwaga chumvi kuzunguka meza, akasoma maneno kwa sauti ya chini. Kalamu ilisimama wima yenyewe, ikaandika juu ya picha ya uso wa mtoto: KAZI NIMEFANYA. MALIPO NIMECHUKUA.

"Kazi yake irudishe," mganga alinong'ona. "Futa zote, kwa mkono wako. Kikibaki kitu alichokufanyia, ana haki na mtoto."

"Zinatakiwa keshokutwa."

Bi Taratibu alimtazama tu, na Mchoraji akaona haya.

Alifuta. Kila picha iliyoondoka ilizidisha harufu ya nywele zilizoungua, na pazia likawa linavutwa ndani kama linanyonywa, na nyuma ya kiti chake kitu kikawa kinapumua kwa kukwama, karibu sana na sikio, mpaka zikaisha zote ikabaki ile ya uso, na ile haikufutika.

"Hiyo si picha," mganga alisema. "Hiyo ni mtoto mwenyewe. Mmalizie mdomo."

Mchoraji alishika kalamu, ikamuunguza, akaipeleka kwenye kioo na mkono ukasita. Hakuukumbuka mdomo. Alijaribu kuuona mdomo wa mwanawe na hakuuona. Alijua sauti yake tu.

"Mleteni," alisema, na kilio kikamshinda kukizuia. "Mkalisheni mbele yangu."

Wifi alimleta Kidoti na kumkalisha. Mchoraji akamtazama, kwa mara ya kwanza baada ya wiki kadhaa. Mdomo wa juu mwembamba, wa chini umebetuka kidogo kama wa baba yake. Na jino la mbele halipo.

"Lini limetoka?" aliuliza. Wifi akatazama pembeni.

Alichora midomo, akachora na pengo. Kiganja kilikuwa kinatoa malengelenge lakini hakuachia. Alipofunga mstari wa mwisho kioo kilipasuka katikati, kitu nyuma yake kikatoa mlio kama shuka bichi linalochanwa, na pazia likatulia. Kidoti akakohoa, akaomba maji.

Bi Taratibu aliifunga tableti kwenye kitambaa, akaitia mkobani na kuondoka, hataki kusindikizwa. Mhariri alipopigiwa simu alifoka, kisha akampa mchoraji mwingine nusu ya kazi.

Jioni ile Kidoti alikaa mapajani mwa mama yake, akicheza na bandeji ya kiganja.

"Alikuwa ananishika kidevu, Mama, nisitikisike."

"Nani?"

"Yule anayechora. Siku moja sikumaliza shule, niliumwa tumbo nikarudi mapema. Nikakuita."

"Uliniita?"

"Sana. Ukafungua macho, ukanitazama, ukalala tena."

Mchoraji alimvuta kifuani, ili mtoto asiuone uso wake. Alikuwa anakumbuka.