Upande wa Fridah

Laptopu mpya zilikuwa zimepangwa mezani, na mwizi hakuzigusa. Alichukua ile kuukuu ya Fridah, karani aliyezikwa mwezi uliopita.

Inspekta Wacera alikagua mlango wa ofisi ile ya kampuni ya mbegu, Kitale. Kufuli lilikuwa zima. Hapakuwa na alama ya kuvunjwa popote.

"Nani alikuwa akiitaka?" alimuuliza Kiarie, fundi wa kompyuta.

"Babake, Mzee Nyongesa wa Chwele. Fridah alikuwa ameweka mifumo miwili ndani, afande. Ukiwasha, unachagua: wa kazi, ama wake binafsi. Kampuni hairuhusu, lakini hakuwa na mashine nyingine."

"Mzee ulimjibu nini?"

"Nilimwambia arudi wiki ijayo."

"Akarudi?"

Kiarie aliinamisha kichwa. "Kila wiki."

Huko Chwele, Mzee Nyongesa hakukimbia. Alimkaribisha inspekta chai. Laptopu ilikuwa kitandani, imefunikwa kwa leso ya marehemu.

"Uliingiaje, mzee?"

"Mchana, walipoenda kula. Mlinzi ananijua, si mimi huja kila wiki? Alinipa pole, akanifungulia ningoje ndani."

"Unajua hiyo ni mali ya kampuni?"

"Upande wao wauchukue, binti yangu. Mimi nataka wa Fridah. Alipolazwa hospitali alikuwa akimwimbia mtoto wake humo, anahifadhi. Ati Viola akikua, amsikie mamake. Huyu bado ni wa kunyonya, atamkumbuka na nini?" Machozi yalimshinda. "Nimeiba, sikatai. Nifunge. Lakini kwanza iwashwe. Haraka yangu ilinifanya nisahau chaja."

Wacera alitoka uani, akampigia Kiarie simu.

"Unaweza kutoa nakala ya upande wake?"

"Upande wa nani, afande?"

"Kiarie!"

"Haupo, afande. Niliufuta siku ile ile ya mazishi. Ndiyo amri, mfanyakazi akifa mashine inasafishwa. Mzee alipokuja mara ya kwanza alikuwa analia, nikashindwa kumwambia. Nikasema wiki ijayo. Aliporudi, ikawa ngumu zaidi."

Wacera alikata simu. Alisimama mlangoni.

Ndani, mzee alikuwa amempakata mjukuu wake, amemgeuza uso kuelekea kioo cheusi cha ile laptopu.

"Nyamaza kidogo, mama," alimnong'oneza. "Askari anakuja kutuwashia."